Samaki wa Nyumba ya Marehemu Radhiya

"Haya si majani, shemeji. Haya ni malisho ya punda!"

Bi Umulkheir alilitikisa lile gunia mbele ya kifua cha Barka mpaka matone ya tope yakairukia kanzu yake. Walikuwa wamesimama mlangoni kwa Bi Umulkheir, nusu ndani nusu nje, na kila aliyepita alipunguza mwendo ili asikie vizuri.

"Nilikutuma kitu cha kupendeza mato ya watu," aliendelea. "Kitu ambacho mwanamke akikitazama aseme mashaallah. Wewe umenitilia ziwa zima la Siyu ndani ya gunia, na vyura wake."

"Hamna chura," alisema Barka.

"Nimemsikia!"

"Yaoshe kwanza, Bi Umulkheir. Yungiyungi likitoka matopeni halina uso. Haya membamba kama unywele, yakishaingia ndani ya mai yatasimama yenyewe. Ndago hizi fupi ni za mbele. Na mai yake nimeyaleta, debe zima, ya ziwa lile lile la mvua, ili yasishituke."

"Mai? Umepakia mai mashuani kutoka Siyu, ukaniletea mimi Lamu? Nyumba ya mwanangu ina kisima, shemeji!"

"Najua ina kisima," alisema Barka, akanyamaza.

Kunyamaza kule kulimchoma Bi Umulkheir kuliko neno. Alilitwaa debe kwa mikono miwili, akalimimina lote njiani, maji yakateremka na mfereji wa mtaa na kumlowesha paka wa watu. "Hadia ataogeshwa kwa mai ya kisima cha nyumba yake, kama nilivyoogeshwa mimi, kama alivyoogeshwa mama yangu. Na samaki wake watakaa mumo humo. Kwenu mna desturi zenu, na kwetu tuna zetu."

Barka aliliokota debe tupu, akaaga kwa adabu, akashuka pwani. Bi Umulkheir alilivuta gunia ndani akinung'unika. Nusu ya majani aliyaona machafu mno, akayatupa ndani ya birika la chooni kwake ili asiyaone tena. Nusu nyingine aliyaosha, unywele kwa unywele, kama anayemwosha mtoto kichwa.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, na mtaa mzima wa Mkomani ulimjua Bi Umulkheir binti Jeilani kwa mambo mawili: ulimi wake na mkono wake. Ulimi tumeshausikia. Mkono ulikuwa wa kupanga zidaka. Nyumba zetu za mawe zina ule ukuta wa ndani uliochimbwa vidirisha visivyotokea upande wa pili, vya kuwekea sahani na mabakuli ya kichina, na ikiwa kuna harusi, ukuta huo ndio unaosema nyumba hii ni ya nani. Waliokuwa na vyombo vingi walimwita Bi Umulkheir awapangie. Waliokuwa na vichache walimwita zaidi, kwa sababu yeye alijua kuviweka vichache vikaonekana vingi. Alikuwa akirudi nyuma hatua kadhaa, anafumba jicho moja, anasema, "Lile bakuli linamtukana mwenzake," na kweli ukitazama unaona.

Kazi yake nyingine ilikuwa mabirika. Kila choo cha nyumba ya mawe kina birika lake la maji ya kuogea na kutawadhia, na ndani yake wamo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Binti akipewa nyumba, mama yake humpelekea samaki kutoka birika lake mwenyewe, ndani ya bakuli lililofunikwa leso. Hivyo samaki wale wanatoka kwa mama kwenda kwa mwana, na hakuna ajuaye wa kwanza aliwatoa wapi.

Sasa binti yake mwenyewe, Hadia, alikuwa ameposwa na Hamdun, mwana wa Bi Tima. Kwetu msichana hapelekwi kwa mume. Mume ndiye anayekuja kwake, na asiye na nyumba ya kumpokea mume hana pa kukiinua kichwa. Bi Umulkheir mwenyewe alikaa nyumba ya wakfu, haigawiki wala hairithiwi. Nyumba pekee aliyokuwa nayo ya kumpa mwanawe ni ile aliyoachiwa na dada yake, Radhiya.

Na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Radhiya alifia mle, kijana bado, kwa homa ya matumbo. Kisha watu wa Faza wakapanga msimu mmoja, wakazika mtoto, wakahama bila kudai kodi waliyotanguliza. Fundi cherehani mmoja akaingia peke yake, naye akatoka amebebwa na ndugu zake, amebaki mifupa. Tangu hapo mlango ulifungwa, na watu wakaanza kusema. Walisema paka hakai mle. Walisema hata mchwa. Bi Tima, ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko, alisema mbele ya wanawake wote matangani kwa watu: "Mwanangu sitamtia nyumba isiyokaa kiumbe hai."

Maneno hayo yalimfikia Bi Umulkheir kabla kahawa haijapoa.

Basi Hamdun, aliyekuwa akiuza vitambaa Mombasa, alikuwa ameleta sanduku la kioo, pana kuliko sinia na refu kama mkono, lililoungwa pembeni kwa lami. Alikuwa ameona la namna hiyo kwa daktari wa meno, ambapo watu huketi kutazama samaki ili wasahau koleo. Ndani yake, alisema, kulikuwa na bustani nzima chini ya maji. Bi Umulkheir aliposikia hivyo, shauri likamjia. Siku ya Hadia kutolewa nje, atakapoketishwa kitini wanawake wote wamtazame, sanduku lile litakuwa kando yake. Samaki wazima, majani mabichi, maji ya kisima cha nyumba ile ile. Bi Tima aje aone kwa macho yake kama nyumba ya Radhiya haikai kiumbe hai.

Akamhamishia Hadia mle mapema, awekwe ndani huko huko, apakwe unga wa dalia na afukizwe udi huko huko, ili mtaa uone moshi ukitoka darini. Usiku alilala naye somo wake wa kumfunda, Bi Mwanamkisi, mwanamke mzee asiyekunywa chochote ila kahawa. Mchana alikuja mama mtu.

Bustani waliipanga kwanza juu ya sinia, mama na mwana, wameketi juu ya mkeka. Walimwaga mchanga wa Shela uliooshwa mpaka maji yake yakatoka meupe. Njiti za makuti zilikuwa majani marefu, majani ya mchicha yalikuwa yungiyungi, na vipande vya kitunguu kibichi vilikuwa ndago. Mara ya kwanza Bi Umulkheir alipanga kama alivyozoea: jiwe kulia, jiwe kushoto, kirefu katikati, kifupi kila upande, kila kitu na pacha wake.

Hadia aliangua kicheko. "Mama, umewapangia samaki kabati la vyombo!"

"Na wewe ungepangaje, fundi mkuu?"

"Mawe yote upande mmoja, yasongamane. Haya ya unywele nyuma, yafiche ukuta. Yungiyungi pembeni pale, jua la kiwanda cha uani lilipate. Na hapa mbele pawe uwanja, Mama. Samaki nao wanataka pa kupita. Nani anakaa zidakani maisha yake yote?"

Bi Umulkheir alirudi nyuma, akafumba jicho moja. Mkono ulimwasha kuweka jiwe la pili upande wa kushoto. Hakuliweka. "Umerithi jicho langu," alisema, "ila la kwako ni jeuri."

Wakapanga ndani ya kioo kama ilivyokuwa kwenye sinia. Maji wakayateka kisimani, kisima cha pale pale nyuma ya choo, kirefu, kimefunikwa ubao. Ulipofunuliwa, baridi ilipanda na kuwapiga usoni. Maji yalikuwa maangavu, hayana kasoro. Wakamimina taratibu juu ya sahani ili mchanga usichimbike, na yale majani ya Siyu yakasimama moja moja kama alivyosema Barka, jambo lililomuudhi Bi Umulkheir kidogo. Kisha akafunua leso, akawaachia samaki wake. Walizunguka, wakapita uwanjani, wakajificha nyuma ya mawe. Hadia alipiga kigelegele kidogo cha chinichini.

Asubuhi mmoja alikuwa ameelea, mdomo wazi.

"Uchovu wa safari," alisema Bi Umulkheir.

"Safari ya kutoka mtaa wa pili?"

"Samaki hajui mtaa, Hadia. Kwake ni safari."

Jioni wakaelea wengine. Siku iliyofuata yungiyungi lililegea, likawa laini kama ngozi ya ndizi iliyoiva, na ule unywele ukaanza kudondoka na kuwa rangi ya chai. Maji yaliingia utusitusi. Bi Umulkheir alifanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya: aliyamwaga nusu, akateka mengine mapya kisimani, akaongeza. Usiku ule hawakubaki ila wawili, nao walikuwa wanapanda juu kutafuta pumzi, wanameza hewa kama watu waliokimbia.

"Ni majani ya Barka," alisema. "Mkono wa mtu yule haujapata kuleta heri nyumba hii."

Hapo lazima niseme habari ya Barka, kwa kuwa kati ya hawa wawili palikuwa na deni. Barka alikuwa mume wa Radhiya. Siku mkewe alipokata roho yeye hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwao Siyu, kuangua madafu. Mke yu kitandani anakata roho, na mume yu juu ya mnazi! Bi Umulkheir ndiye aliyemwosha dada yake, na ndiye aliyenunua bafta nyeupe ya sanda kwa bei ya mkufu wake mwenyewe. Sasa sanda ya mke ni juu ya mumewe, hilo hata mtoto wa chuoni anajua. Barka aliporudi, mashua imejaa madafu, akakuta kaburi limeshafukiwa. Alitaka kulipa ile bafta siku ile ile. Bi Umulkheir alikataa. Kila mwaka alikuja nayo imekunjwa chini ya kwapa, na kila mwaka alirudishwa nayo. "Kaa na deni lako," alimwambia. "Utalilipa mbele ya Mungu, na mimi nitakuwapo kushuhudia." Hata mara moja hakumwambia kwa hasira. Alimwambia kwa utulivu, kama anayemwekea mtu amana. Mwisho Barka aliacha kuja nayo.

Haya. Yale majani yaling'olewa, yakaoshwa tena, yakapunguzwa. Samaki wengine wakaletwa kutoka birikani kwake. Hawakufikia alasiri. Akasema ni lami ya Mombasa, akaifunika kwa nta ya nyuki. Samaki wakafa. Akasema mpango wenyewe wa Hadia ndio unaowabana, akayahamisha mawe, akapanga pacha kwa pacha kama zidaka, na safari hii hata Hadia hakucheka, maana alikuwa ameketi ameegemeza kichwa ukutani. Samaki wakafa tu. Akasema basi ni jicho la Bi Tima. Akafukiza udi, akasoma, akapulizia maji pembe zote nne.

Na Bi Tima, kama aliyeitwa na ule moshi, akabisha hodi.

Bi Umulkheir aliwahi kulifunika sanduku kwa leso. Mgeni aliketi, akatazama juu, akatazama chini, akatazama leso.

"Ndilo hilo sanduku la mwanangu?"

"Ndilo."

"Na samaki nao wamewekwa ndani kama bibi arusi?"

"Wanapakwa dalia, Bi Tima. Ukiwaona kabla ya siku yao wataingiwa na haya."

Bi Tima alivuta pumzi ya pua, taratibu, mara mbili. "Haya zao zinanuka," alisema. Kisha akamgeukia Hadia, na mzaha ukamtoka usoni. "Na wewe, mwanangu, mbona mato yamekuingia ndani hivi?"

"Ni joto tu, Bi."

"Joto," alisema Bi Tima. Alisimama, akajifunga buibui vizuri. Mlangoni alisema kwa sauti ya chini, isiyokuwa ya ugomvi: "Bi Umulkheir, mimi nina mdomo, watu wote wanajua. Lakini mtoto huyu mtoe humu."

Bi Umulkheir aliufunga mlango kwa nguvu hata vumbi la chokaa likaanguka. Mtoe humu! Akaolewe wapi, chini ya mti?

Hadia hakula siku ile wala ya pili. Alisema kichwa kinamgonga, tumbo limejaa upepo. Bi Mwanamkisi alisema ni woga wa harusi, na kwamba yeye mwenyewe aliolewa akitapika. Walicheka kidogo, kucheka kwa kujitia nguvu. Lakini mwili wa mtoto ulikuwa moto, na moto wenyewe haukuja na kuondoka. Ulipanda, ukakaa. Mama yake alimtekea maji kisimani, mapya, ya baridi, akamshikia kata mdomoni. Hadia aligeuzia uso ukutani.

"Kunywa, mama yangu. Homa inataka mai."

"Yananitia kichefuchefu." Alilamba midomo iliyokauka. "Mama, hamna madafu?"

Bi Umulkheir aliishusha kata. Neno lenyewe ni dogo. Nani asiyetaka dafu siku ya joto? Lakini sauti, na ule uso uliogeukia ukutani, aliwahi kukutana navyo, chumba hiki hiki, kitanda pembe hii hii.

"Nitakutafutia," alisema. "Kunywa haya kidogo kwanza." Hadia akanywa, kwa kumridhisha.

Bi Umulkheir alikwenda kwake kutwaa mkoba atume mtu sokoni. Aliingia chooni kunawa uso, akainamia birika, mkono ukabaki hewani.

Birika lilikuwa bustani. Yale majani aliyoyatupa kwa dharau, yale machafu ya nusu gunia, yalikuwa yameshika yenyewe kwenye tope la chini. Ule unywele ulikuwa umepanda kijani kibichi, unacheza. Yungiyungi lilikuwa limefungua jani jipya juu ya maji, duara, safi, limetandazwa kama mkeka mdogo. Na chini ya jani lile samaki walikuwa wakipita, wanene, wengine na watoto wao. Hakuna mkono uliolipanga.

Alisimama pale. Samaki wa tumbo moja na wale waliokufa. Majani ya gunia moja. Mchanga haukuwamo humu, lakini mchanga aliuosha mwenyewe. Lami aliifunika. Jicho? Jicho lingekuja hapa kwanza, kwa mwenye ulimi. Kitu kimoja tu hakikuwa sawa, nacho alikiteka kwa mkono wake, akakiongeza kila walipozidiwa, akakishika sasa hivi mdomoni kwa mwanawe.

Akakumbuka madafu ya Radhiya. Kwamba Radhiya naye aliacha maji, akasema yananuka, akataka dafu na si kitu kingine. Na kwamba mume alikuwa amekwenda Siyu, na aliyebaki kitandani kumwambia kunywa, dada yangu, kunywa haya kidogo, homa inataka mai...

Alitoka. Alitoka bila buibui, na leso moja kichwani, Bi Umulkheir binti Jeilani, mchana kweupe, akikimbia vichochoro vya Mkomani, na wanaume waliokuwa wameketi madakani, milangoni mwa nyumba, waligeuza nyuso ukutani kwa kumstahi. Alipoingia nyumba ya Radhiya, Bi Mwanamkisi alikuwa amemwinua Hadia kichwa, kata iko midomoni.

"Usimnyweshe!"

Aliipiga ile kata ikaruka, ikagonga sanduku la kioo. Kioo kilipasuka pembeni, maji meusi yakaanza kushuka ukutani polepole, na harufu ikajaa chumba.

Walimtoa Hadia kwa kitanda, wanaume wanne, wamemfunika shuka kwa ajili ya jua. Kila mlango waliopita mtu alisimama na kusema inna lillahi, na kila mara Bi Umulkheir alipiga kelele: "Yu hai! Yu hai, fungeni midomo yenu!" Lakini shuka ile nyeupe, na kitanda kile, na watu walivyokuwa wakipokezana kubeba, hata yeye mwenyewe hakuweza kukitazama.

Fundi Wazir, mchimba visima, aliteremka kisimani na kamba na taa. Hakukaa sana. Alipopanda alikuwa haongei. Alichukua mchanga, akajisugua mikono mpaka mabegani, akamwagiwa maji ya nje, akajisugua tena. Wakamuuliza ameona nini. Alisema upande wa ukuta wa kisima unaoelekea shimo la choo unalia. Mawe yameoza, na kile kinachotoka ni cheusi, na kinatoka tangu zamani, kimechora njia yake. "Fungeni," alisema. Walifunga kwa mawe na chokaa. Mzee Muhdhar wa nyumba ya ukuta mmoja aliambiwa naye akitazame kisima chake. Alicheka, akasema kisima chake kina maji matamu kuliko ya mji mzima, na jioni ile kamba yake ilisikika ikilia kama kawaida, ikiteremka, ikipanda.

Hadia alilala kwa mama yake, akiweweseka. Bwana wa hospitali alikuja na sindano, akasema amewahiwa au hakuwahiwa, hilo yeye hajui. Bi Tima alituma uji, haukulika, akatuma mwingine. Hamdun aliandikiwa arudi. Mchana Bi Umulkheir aliketi kando ya kitanda, na ulimi wake, ule ulimi, ukawa umelala mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Kila asubuhi akifungua mlango alikuta madafu barazani, yamepangwa, na hakuna mtu. Alijua ni ya nani. Aliyapasua, akamnywesha mwanawe kwa kijiko, tone kwa tone, na hakumwita mwenyewe aingie, kwa kuwa hakujua atamtazama vipi.

Homa ilishuka kama ilivyopanda, bila kuaga. Siku moja Hadia alifumbua macho, akatazama dari, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Nani amenikata nywele?"

"Zitaota," alisema mama yake, akatoka mbio kwenda kulia jikoni.

Asubuhi iliyofuata Bi Umulkheir hakungoja kuyakuta madafu barazani. Aliamka mapema, akaketi barazani. Barka alipotokea na madafu yake begani, alimkuta amemkabili. Akayashusha.

"Amekula?"

"Amekula. Ameniuliza nani amemkata nywele, kwa ukali."

"Alhamdulillahi." Alitaka kugeuka.

"Keti, shemeji."

Aliketi ukingoni, kama mtu asiye na hakika na kiti. Bi Umulkheir alimmiminia kahawa. Barka alikitazama kikombe.

"Mai ya wapi?"

"Ya Shela," alisema. "Kunywa, sitakuua." Kisha, kwa kuwa neno hilo lilikuwa limekwisha kutoka na haliwezi kurudi, akaongeza, "Radhiya alikwambia mai yananuka."

"Aliniambia. Ndiyo nikaenda Siyu. Sokoni hapa madafu hayakuwapo wiki ile. Nilikwambia matangani, ukasema nakisingizia kisima."

"Na juzi? Ukaleta debe lako ukanyamaza. Ungesema tena!"

"Ningesema tena, ungenisikia?"

"Nisingekusikia," alisema Bi Umulkheir. Alitazama mikono yake, ile mikono iliyosifiwa mji mzima. "Alikunywa kwa mkono huu, Barka. Mpaka mwisho. Alikuwa akikataa nami nikimbembeleza."

Barka alikunywa kahawa yake yote, akageuza kikombe. Kisha akasema polepole, "Ulimwosha pia kwa mkono huo. Mimi sikuwapo."

Mtaa ukaanza kuamka, milango ikigonga.

"Una bafta yangu, shemeji," alisema Bi Umulkheir ghafla, na sauti yake ya kila siku ikawa imerudi. "Umekaa na deni la watu miaka yote hii, huoni haya? Nenda kailete."

Barka alimtazama kama hajasikia vizuri. Kisha akainuka, akaenda dukani bila hata kuvaa kiatu cha pili sawasawa, na duka lilikuwa bado halijafunguliwa, akambishia Mhindi mpaka akaamka. Alirudi nayo imekunjwa chini ya kwapa, kama zamani. Bi Umulkheir aliikunjua barazani, akaipima kwa mkono wake, kutoka ncha ya kidole mpaka bega, akihesabu kimoyomoyo. Ilizidi. Alitwaa mkasi, akakata palipozidi, akamrudishia kipande.

"Nilinunua hii tu," alisema. "Hiyo ni yako."

Ile nyingine aliikunja mara nne, akaiweka mapajani, akaiwekea viganja vyote viwili juu yake.

"Umeshalipa, Barka."